Kutu Ndiyo Fundi: Namna Vitu vya Bei Nafuu Vinavyonasa Aseniki Majini

Mizizi ya magugumaji, maganda ya mayai, pumba za mpunga, makumbi ya nazi, mbegu za mlonge, ute wa mpungate, udongo mwekundu, misumari iliyoshika kutu: vyote vimeshajaribiwa maabara kwa ajili ya kuondoa aseniki kwenye maji ya kunywa, na karibu kila kimoja kimeripotiwa na asilimia ya kumfanya msomaji ainue nyusi. Ukizisoma taarifa hizo mfululizo utajiuliza: kama dawa imejaa jalalani, mbona mamilioni ya watu bado wanakunywa sumu?

Tatizo ni kwamba swali la kitu gani kinaondoa aseniki ndilo jepesi kuliko yote. Nyuma yake yamepanga foleni mengine. Ni aseniki ya namna gani? Imo katika maji yenye nini kingine? Kitu hicho kitabeba kiasi gani kabla ya kujaa? Na ikishanaswa, itapelekwa wapi? Anayeyafuata maswali hayo hadi mwisho hurudi mara kwa mara kwenye jambo moja ambalo taarifa nyingi hulitaja kwa kupita tu: kutu ya chuma.

Sumu isiyojionyesha

Aseniki ni elementi, kama chuma au shaba. Imo ndani ya miamba na mashapo ya sehemu nyingi duniani, na huingia majini bila kubadili rangi, harufu wala ladha. Maji maangavu yaliyotoka kisimani asubuhi, baridi na matamu, yanaweza kuwa nayo tele.

Kwa kuwa ni elementi, haiuliki. Klorini huua bakteria, lakini aseniki haina uhai wa kupoteza. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi: maji hupungua kwa mvuke, aseniki ikabaki sufuriani, na kila lita iliyosalia ikawa na sumu nyingi kuliko ya kwanza. Kitu pekee unachoweza kuifanyia aseniki ni kuihamisha. Tafadhali liweke jambo hilo akilini, maana litaturudia mwishoni.

Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kisizidishwe ni mikrogramu 10 kwa lita. Ni vigumu kuuona udogo wa namba hiyo mpaka uigeuze: gramu moja ya aseniki inatosha kufikisha lita 100,000 za maji kwenye kikomo hicho. Baadhi ya nchi, Bangladesh ikiwemo, zimebaki na kikomo cha zamani cha mikrogramu 50, kwa kuwa kushusha hadi 10 kungemaanisha kuvikataa visima vingi mno kwa mpigo. WHO inakadiria kwamba watu wasiopungua milioni 140 katika nchi 70 wamekuwa wakinywa maji yaliyozidi mikrogramu 10.

Kwa viwango hivyo mtu haanguki siku hiyo hiyo. Hupita miaka. Kwanza ngozi ya kifua na mgongo hutoa madoadoa, meusi na meupe, kana kwamba mtu amenyeshewa matone ya rangi. Viganja na nyayo huwa vigumu na kuota vinundu. Baadaye huja saratani za ngozi, za mapafu na za kibofu cha mkojo, pamoja na maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Huko Taiwan, wanakijiji waliokunywa maji ya visima virefu vyenye aseniki walipata ugonjwa wa miguu kuwa myeusi na kuoza, hadi wengine wakakatwa viungo.

Kisa cha visima vya Bangladesh

Mtu hawezi kuelewa vichujio bila kuelewa kwanza aseniki ilifikaje kwenye maji, na mahali pa kujifunzia ni delta ya mito Ganges na Brahmaputra.

Kabla ya miaka ya 1970, watu wengi wa Bangladesh walikunywa maji ya mabwawa na mito, na watoto walikufa kwa kuhara. Serikali na UNICEF wakahimiza visima vya bomba: unazamisha bomba jembamba ardhini, unaweka pampu ya mkono juu, na maji safi ya chini yanatoka. Mamilioni ya visima yakachimbwa, mengi yakilipiwa na familia zenyewe. Aseniki haikupimwa kwa sababu haikuwa kwenye orodha ya vitu vya kupima. Mwaka 1983, upande wa India, daktari wa ngozi wa Kolkata aitwaye K. C. Saha akaanza kupokea wagonjwa wa vijijini wenye madoa ya ajabu. Mwaka 1993 aseniki ikathibitishwa kwenye visima vya Bangladesh kwenyewe. Kufikia mwaka 2000, mtafiti Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la WHO kwamba huko ndiko kwenye tukio kubwa zaidi la watu kupewa sumu kwa pamoja katika historia.

Sasa hapa ndipo penye fumbo. Maji ya bwawani yalikuwa machafu, lakini hayakuwa na tatizo hili la aseniki. Ya chini ya ardhi yalikuwa safi kwa macho, kumbe yana sumu. Iweje?

Mito iliyoshuka kutoka Himalaya ilibeba chembe za mchanga na tope zilizovikwa utando mwembamba wa kutu, yaani oksidi za chuma, na aseniki ilikuwa imejishikiza kwenye utando huo. Mashapo hayo yakazikwa pamoja na majani na mimea iliyooza. Kule chini oksijeni ikaisha. Bakteria waishio humo wana ufundi wa ajabu: wakikosa oksijeni, hutumia kutu badala yake ili kuyameng'enya mabaki ya mimea. Kutu iliyotumiwa hivyo huyeyuka, na kilichokuwa kimeshikwa nayo huachiliwa majini. Ndiyo maana maji yenye aseniki ya aina hii mara nyingi huwa na chuma kilichoyeyuka pia; ukiyaacha kwenye ndoo hugeuka rangi ya kahawia na kutuamisha unga mwekundu.

Kwa hiyo aseniki iliingia majini pale kutu ilipotoweka. Ukiitazama hivyo, karibu vichujio vyote vya bei nafuu vinafanya kazi moja tu: kuirudisha kutu mbele ya aseniki ili ishikwe tena. Aseniki haiingii majini kwa njia hii kila mahali. Kuna sehemu ambako aseniki hutoka kwenye chemchemi za moto za volkano, nyingine kwenye mawe yenye salfaidi yaliyofukuliwa na uchimbaji wa madini, nyingine kwenye maji yenye magadi mengi yanayoing'oa kutoka kwenye mchanga. Lakini hata huko, chuma hubaki kuwa mtego unaotumika sana.

Aseniki mbili

Majini aseniki huwa na sura mbili, na wanakemia huzitofautisha kwa namba: aseniki ya tatu na aseniki ya tano. Ya tano hupatikana kwenye maji yenye oksijeni, nayo katika maji ya kawaida hubeba chaji hasi ya umeme. Ya tatu ndiyo inayotawala kule chini kusiko na oksijeni, na katika maji hayo hayo haina chaji yoyote. Ni sumu zaidi, na ni mtelezi zaidi: vitu vingi vinavyoinasa ya tano huiacha ya tatu ipite.

Kutu ina uwezo wa kuzishika zote mbili, ila ya tano hushikwa kwa urahisi zaidi na vifaa vingi vilivyobaki. Hivyo mitambo mingi huanza kwa kuigeuza ya tatu kuwa ya tano. Hewa peke yake hufanya kazi hiyo polepole, kwa siku na hata majuma. Klorini, pamanganeti ya potasiamu, au mchanga wenye oksidi ya manganizi hufanya upesi zaidi. Hii ndiyo faida ya klorini katika habari hii, na ni faida inayosahaulika: haiondoi aseniki, lakini humlainishia njia anayeiondoa. Mbinu ya ndoo mbili iliyojaribiwa Bangladesh ilitumia wazo hilo. Ndoo ya juu ilitiwa shabu pamoja na pamanganeti kidogo, ikakorogwa na kuachwa ituame, kisha maji yakashuka kwenye ndoo ya chini kupitia mchanga.

Chaji hiyo hasi ndiyo inayoeleza pia kwa nini mimea mikavu, yenyewe kama ilivyo, haifai sana. Uso wa pumba, makumbi au majani makavu, ukiloweshwa kwenye maji ya kawaida, huwa na chaji hasi. Kwa hiyo unga wa mimea hunasa vizuri risasi, kadimiamu na shaba, kwa kuwa metali hizo zina chaji chanya zikiwa majini. Aseniki ya tano ikiukaribia uso huo husukumwa mbali. Unaposoma kwamba ganda fulani limeondoa aseniki vizuri, tafuta kwenye maelezo ya utafiti mambo mawili: je, ganda lilitiwa chuma kwanza? Na je, maji yalitiwa asidi mpaka yakawa machachu kuliko maji ya kunywa? Mara nyingi utakuta moja kati ya hayo mawili. Mkaa wa mimea ulioloweshwa kwenye chumvi ya chuma hufanya kazi vizuri, lakini hapo aliyefanya kazi ni chuma. Mkaa umempa kiti tu.

Magugumaji ni mfano unaonivutia. Mwaka 2005 Parvez Haris na wenzake wa De Montfort University, Uingereza, walionyesha kuwa unga wa mizizi yake iliyokaushwa, ukitiwa kwenye maji yenye mikrogramu 200 kwa lita, uliondoa zaidi ya asilimia 93 ya aseniki ya tatu na asilimia 95 ya ile ya tano ndani ya dakika 60. Ni matokeo mazuri kwa gugu ambalo kila mwenye ziwa analilaani. Mimi binafsi nikisoma matokeo hayo huwaza jambo moja: mizizi ya mimea ya majini mara nyingi huvaa tabaka jembamba la kutu, kwa sababu mmea hupeleka oksijeni mizizini na chuma kilichomo majini hugandia hapo. Gugu la ziwa moja, basi, si lazima litende kama la ziwa jingine.

Mtego wa asilimia

Asilimia 95 inasikika kama ushindi. Itoe kwenye mikrogramu 200 na utabaki na 10, ndani ya kikomo kabisa. Itoe kwenye mikrogramu 1,000 na utabaki na 50, mara tano ya kikomo. Asilimia bila kiwango cha mwanzo ni nusu ya habari.

Nusu nyingine ni ujazo: gramu moja ya kitu hicho hubeba aseniki kiasi gani kabla ya kushiba. Tupige hesabu ya nyumba moja. Tuseme familia inahitaji lita 40 kwa siku za kunywa na kupikia, na kisima chake kina mikrogramu 200 kwa lita. Ili kushuka hadi 10, kila lita inapaswa kupoteza mikrogramu 190. Kwa siku ni miligramu 7.6; kwa mwaka ni kama gramu 2.8. Ni kidogo kuliko kijiko cha chai cha sukari. Lakini ikiwa kitu chako hubeba miligramu 0.1 tu kwa gramu, utahitaji kilo 28 zake kwa mwaka. Kikibeba miligramu 1 kwa gramu, kilo 2.8 zinatosha. Hapo ndipo unapojua kama una chujio la nyumbani au una kazi ya kubeba magunia.

Na namba ya ujazo nayo ina hila. Maabara nyingi hupima kwa maji yaliyosafishwa, yakatiwa aseniki kwa wingi, wakati mwingine maelfu ya mikrogramu kwa lita. Kadiri aseniki inavyokuwa nyingi majini ndivyo inavyojazana kwenye uso wa kitu, na ujazo unaoandikwa huwa mkubwa. Kwenye kisima halisi, ambako tunataka kitu kiendelee kushika hata aseniki ikiwa imebaki mikrogramu 10 tu, ujazo huo hupungua sana.

Kisha wanakuja wageni wengine. Maji ya kisima yana fosfeti, silika, bikaboneti na mabaki ya mimea. Fosfeti ndiyo mkorofi mkuu. Fosforasi na aseniki zimepangana kwenye jedwali la elementi, moja juu ya nyingine; umbo la fosfeti na la aseniki ya tano linakaribiana mno, na chaji zao zinafanana. Kutu haiwezi kuzitofautisha. Maji yenye miligramu 1 ya fosforasi kwa lita na mikrogramu 200 za aseniki yana chembe kama 12 za fosforasi kwa kila chembe moja ya aseniki, zote zikigombea viti vilevile. Kitu kilichong'ara kwenye maji ya maabara kinaweza kuaibika hapo bila kosa lolote la aliyekitengeneza.

Misumari, mitungi na udongo mwekundu

Chuma kinachooza majini kina uzuri ambao kutu iliyonunuliwa ya unga haina: hujitengeneza upya kila siku. Chuma kigumu hutoa chuma kilichoyeyuka, hicho hukutana na oksijeni na kuwa kutu mpya yenye uso mpana, na katika kugeuka huko huzaliwa vitu vikali vya muda mfupi vinavyoigeuza aseniki ya tatu kuwa ya tano. Kazi mbili kwa msumari mmoja.

Huko Bangladesh wazo hilo lilianza na mitungi mitatu iliyopangwa juu ya kigoda. Wa juu ulikuwa na chenga za chuma na mchanga wa chembe kubwa, wa kati mkaa wa kuni na mchanga laini, wa chini ulipokea maji. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi, hadi chenga za chuma ziliposhikana kwa kutu na kuwa jiwe moja. Maji yakagoma kupita. Abul Hussam, mkemia mzaliwa wa Bangladesh aliyekuwa akifundisha George Mason University nchini Marekani, pamoja na ndugu yake, walitengeneza chuma kilichoshikamana lakini chenye matundu, kisichoziba kama chenga, wakakiweka kwenye ndoo pamoja na mchanga, mkaa na vipande vya matofali. Chujio hilo, liitwalo SONO, lilishinda tuzo ya Grainger ya dola milioni 1 mwaka 2007.

Nepal walikwenda njia nyingine. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani na shirika la ENPHO walichukua chujio la mchanga ambalo tayari lilitumika kuzuia vijidudu, wakaweka juu yake beseni lenye kilo 5 hivi za misumari ya kawaida, isiyopakwa zinki, na vipande vya matofali juu ya misumari ili maji yasiichimbue. Wakaliita Kanchan. Maji huipitia misumari, hubeba chembe za kutu zilizoshika aseniki, na mchanga wa chini huzizuia. Mtumiaji anaona kazi ikifanyika: mchanga unakuwa mwekundu juu, anaukoroga na kuyamwaga yale maji ya kahawia, basi. Lakini chujio lilelile lilipojaribiwa Kambodia, kwenye maji yenye fosfeti nyingi na chuma kidogo, matokeo yalikuwa dhaifu. Msumari ni uleule na mchanga ni uleule. Maji ndiyo yalikuwa mengine.

Udongo mwekundu wa lateriti, ule unaotokea nchi za joto pale mvua za karne nyingi zilipoosha madini mengine na kuacha oksidi za chuma na alumini, ni kutu ambayo asili imekwisha kuitengeneza. Ukiuponda na kuuchekecha, ukatupa vumbi laini linaloziba, unapata chembe za kujaza kwenye ndoo. Ukiwa mbichi hubeba kidogo. Watafiti wa chuo cha teknolojia cha IIT Kharagpur, India, waliutia asidi kisha alikali ili kufungua matundu yake, na ujazo ukapanda sana. Mitambo yao ikafungwa hata mashuleni katika jimbo la West Bengal. Wengine huuchoma. Moto wa wastani husaidia kuufanya ugumu usisambaratike majini, ila ukizidi, matundu hufunga na kazi huharibika. Mchanga wa kawaida pia waweza kuvikwa kutu kwa kuulowesha kwenye myeyusho wa chumvi ya chuma na kuukausha, na kwa maoni yangu njia hiyo haisifiwi inavyostahili, labda kwa sababu mchanga hauna mvuto wa gazetini.

Jua na ndimu navyo vimo kwenye orodha, na hapa kemia ni tamu. Mwaka 2001 Stephan Hug na wenzake wa taasisi ya Eawag, Uswisi, walieleza njia ya kujaza maji ya kisima kwenye chupa angavu za plastiki, kudondosha matone 4 hadi 8 ya maji ya ndimu kwa lita, na kuzilaza juani. Asidi ya ndimu hushikana na chuma kilichomo tayari majini. Mwanga wa jua ukivipiga, huzaliwa vitu vinavyoigeuza aseniki ya tatu kuwa ya tano. Usiku chupa husimamishwa wima, kutu hutuama na aseniki yake, asubuhi maji ya juu humiminwa kwa utulivu. Majaribio ya Bangladesh yaliondoa kati ya asilimia 45 na 78. Kwenye kisima cha mikrogramu 100, maana yake ni kubaki na 22 siku njema na 55 siku mbaya. Inapunguza madhara, haimalizi tatizo. Na maji yasiyo na chuma chake cha asili hayatafaidika kwa lolote.

Mlonge na mpungate nitavipitia haraka. Protini ya mbegu za mlonge na ute wa mpungate hukusanya chembe za tope zikawa mabonge yanayoondoka kwa urahisi, na aseniki iliyogandia kwenye chembe hizo huondoka nazo. Vinafaa kama wasaidizi wa chuma. Vikiwa peke yake kwenye maji maangavu ya kisima, havina cha kukusanya. Isitoshe, mlonge huacha majini mabaki ya mbegu ambayo bakteria huyapenda, kwa hiyo maji yaliyosafishwa nao hayakai muda mrefu kabla ya kuharibika.

Chujio likijaa halisemi

Kichujio cha tope kikijaa huziba, na mwenye nyumba hujua. Cha aseniki kikijaa hakifanyi lolote. Maji hutoka kwa kasi ileile, maangavu vilevile, matamu vilevile, na aseniki inapita. Kwa hiyo chujio lisilopimwa ni hatari ya namna yake, maana lina mtu anayeliamini.

Kipimo cha mashambani kina ukoo wa kale. Mwaka 1836 James Marsh, mkemia wa Uingereza, alibuni njia ya kuthibitisha aseniki katika kesi za watu waliouawa kwa sumu: zinki na asidi huigeuza aseniki kuwa gesi. Vifaa vya leo hufuata wazo hilo. Gesi hupanda hadi kwenye kikaratasi chenye bromidi ya zebaki, nacho hugeuka manjano, kisha kahawia, kadiri aseniki inavyozidi. Unalinganisha na kadi ya rangi. Kazi hiyo ifanyike nje penye upepo, kwa kuwa gesi hiyo ni sumu kali. Jicho hutofautisha vizuri kati ya 10 na 100, lakini karibu na 10 yenyewe linababaika, na hapo sampuli ya maabara haina mbadala.

Kipimo hicho hicho ndicho kinachopaswa kutangulia hata wazo la kununua msumari. Visima vyenye aseniki mara nyingi havifuati mpangilio: kimoja kina 300, cha jirani, hatua 50 tu pembeni, kina 5. Bangladesh ilipopima karibu visima milioni 5 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, pampu zilipakwa rangi, nyekundu kwa visima visivyofaa na kijani kwa salama, na watu wengi waliacha chao wakaenda kwa jirani. Wengine walichimbiwa visima virefu kupita tabaka lenye aseniki, wengine wakakinga maji ya mvua. Ukiwa na njia kama hizo, zishike kwanza. Chujio linahitaji mtu wa kulihudumia kila juma, mwaka baada ya mwaka, na vijiji vingi vimejaa ndoo zilizoachwa pembeni pale mradi ulipoondoka.

Imebaki ile gramu 2.8 ya kila mwaka. Haikupotea, imehama kutoka kisimani hadi kwenye ndoo ya misumari au udongo uliochoka. Kishawishi ni kuumwaga mchanga huo bwawani au kwenye shimo la samadi. Lakini chini ya bwawa na ndani ya samadi hakuna oksijeni, pamejaa mabaki ya mimea, na bakteria walewale wa chini ya delta wapo wakisubiri. Watakula kutu tena, na aseniki itarudi majini karibu kabisa na mahali ulipoitoa. Kangaga aitwaye Pteris vittata, ambaye mtafiti Lena Ma na wenzake walitangaza mwaka 2001 kwamba hufyonza aseniki udongoni na kuilimbikiza kwenye majani yake, ana shida hiyo hiyo: ukishamvuna, una mzigo wa majani yenye sumu mikononi.

Mchanga na kutu vilivyotumika vihifadhiwe pakavu penye hewa, mbali na mahali mifugo na watoto wanapofika, kisha vichanganywe kidogo kidogo kwenye zege, ambamo aseniki huachiliwa kwa shida sana. Zege hilo liwe la nguzo ya uzio au la sakafu ya ghala. La kujengea mdomo wa kisima litafutiwe mchanga mwingine.